Kidonda cha Kulalia: Tumfunge Mgonjwa kwa Kitu Gani?

(Mada iliyotolewa na timu ya huduma za wagonjwa majumbani mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wawakilishi wa wafadhili)

Mmetuomba tuzungumze kuhusu vifungio vya vidonda vya kulalia. Tukisema kifungio tuna maana ya kitu chochote kinachowekwa juu ya kidonda au ndani yake: gozi, sponji, jeli, hata kitambaa cha kanga kuukuu.

Sababu ya mada hii mnaifahamu. Mezani kuna maombi mawili. Parokia moja imependekeza kwamba fedha za mfuko wa wagonjwa za robo hii zitumike zote kununua vifungio vya kisasa vya sponji, baada ya wajumbe wake kuviona vikifanya kazi nzuri hospitalini. Na marafiki wetu wa ng'ambo wameandika kuuliza watutumie maboksi ya aina gani. Maombi yote mawili yametoka katika moyo mwema, nasi tunataka yajibiwe vizuri, maana fedha zilizopo hazitoshi magodoro na vifungio kwa pamoja, na wapo watu wamelala majumbani wakisubiri uamuzi wa kikao hiki.

Kwanza tuelewane kuhusu kidonda chenyewe. Kidonda cha kulalia, ambacho wauguzi hukiita pia kidonda cha mgandamizo, hakianzi kama jeraha la kujikata na panga. Mtu asiyeweza kujigeuza hulala upande mmoja kwa saa nyingi. Anaweza kuwa amepata kiharusi, amevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki au kwa kuanguka mwembeni, ni mzee aliyedhoofika, au ni mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho. Nyama iliyo katikati ya mfupa na godoro hubanwa, mishipa midogo ya damu hujifunga, na nyama ile hufa kwa kukosa hewa na chakula. Mara nyingi uharibifu huanzia ndani, karibu na mfupa. Ndiyo maana siku ngozi inapopasuka familia hushangaa kukuta shimo, nao wakati mwingine hudhani mgonjwa amerogwa. Jasho, mkojo, choo, na kumburuza mgonjwa juu ya shuka badala ya kumnyanyua huongeza ubaya. Sehemu zinazoumia zaidi ni kwenye mfupa wa juu ya makalio, visigino, nyonga, na kwa wanaokaa kwenye kiti cha magurudumu, mifupa ya kukalia.

Wataalamu hupanga vidonda hivi katika daraja nne. Daraja la kwanza ngozi bado nzima lakini imebadilika rangi, na ukiibonyeza rangi ile haiondoki. La pili ngozi ya juu imechubuka au kuna lengelenge. La tatu shimo limefika kwenye mafuta chini ya ngozi. La nne limefika kwenye misuli, kano au mfupa. Vitabu vingi huandika kwamba daraja la kwanza ni wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Wahudumu wetu tunawafundisha watumie mkono: waguse kama pana joto kuliko pembeni, kama pamekuwa pagumu au pamelegea kupita kawaida, wamuulize mgonjwa kama pana maumivu, na watazame kama pamekuwa peusi zaidi au pana rangi ya zambarau. Pakionekana hivyo msipasugue wala msipakande kwa mafuta. Mtoeni mgonjwa juu ya mahali pale.

Hapo ndipo tunapotaka kusema jambo ambalo huenda halitawafurahisha waliokuja kusikia jina la kifungio bora. Hakuna kifungio kinachoponya kidonda ambacho mgonjwa bado amekilalia. Weka sponji ya bei kubwa kuliko zote, na kama mgonjwa amelala chali tangu alfajiri hadi jioni juu ya godoro lililobonyea mpaka kugusa mbao, unafukia fedha. Tumeona pia familia zenye mapenzi mema zikitengeneza ngata, ile ya kubebea ndoo kichwani, na kuiweka chini ya makalio ili kidonda kikae katika tundu. Inaonekana ni akili, lakini ngata hubana nyama yote inayozunguka kidonda na kuzuia damu kufika. Mito ya duara yenye tundu inayouzwa madukani ina kasoro hiyohiyo. Afadhali mto wa kawaida chini ya ndama ili kisigino kining'inie bila kugusa kitu, na mgonjwa alazwe ubavu kidogo, nusu ya kulala chali na nusu ya ubavu, huku mgongo umeegemezwa kwa nguo zilizokunjwa. Kumgeuza kila saa 2 ndiyo kanuni waliyofundishwa wengi wetu. Akiwa na godoro zuri la sponji nene, muda unaweza kurefushwa kwa kuangalia ngozi yake inavyostahimili.

Kwa nini kidonda kisikaushwe

Sasa tuje kwenye kufunga. Hapa tuna mabishano ya siku nyingi na jamii yetu, na tuseme ukweli, hata na baadhi ya watumishi wa afya wenzetu. Wengi tumelelewa tukiambiwa kidonda kiachwe wazi kipate hewa, kianikwe juani, kikauke, kifanye gamba. Ndiyo maana mtu akifika na kidonda utakuta kimepakwa dawa ya zambarau, au kimemwagiwa unga wa vidonge vya rangi mbili, au kimeoshwa kwa spiriti mpaka mgonjwa akalia.

Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza, George Winter, alichapisha katika jarida la Nature majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe wachanga. Aliwafanyia vidonda vya juu juu, vingine akaviacha wazi vikauke, vingine akavifunika kwa plastiki nyembamba ili vibaki na unyevu. Vile vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kasi ya takriban mara mbili ya vile vilivyoachwa wazi. Sababu inaeleweka kwa mkulima yeyote. Ngozi mpya huota kwa chembe hai zinazotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati. Juu ya udongo wenye unyevu zinatambaa. Juu ya gamba kavu zinalazimika kuchimba chini kutafuta njia. Tangu hapo mafundisho ya vidonda duniani yamegeuka: kidonda kiwe na unyevu, kisiwe kikavu wala kisiogelee majimaji.

Na ule unga wa vidonge? Unaganda ukawa kama sementi, unafunika usaha chini yake, na unawafundisha wadudu wa maradhi kuizoea dawa ambayo kesho tutaihitaji kumwokoa mtoto mwenye homa ya mapafu. Spiriti na maji ya haidrojeni peroksaidi huua wadudu kweli, lakini huua pia zile chembe changa zinazojaribu kuota. Kidonda safi kinaoshwa kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, au maji ya chumvi. Basi.

Kuna desturi nyingine ambayo tunaomba ikome katika vituo vyetu. Gozi inalowanishwa, inawekwa kidondani, inaachwa ikauke, kisha inang'olewa kwa nguvu eti iondoke na uchafu. Inaondoka na uchafu, ndiyo, na inaondoka pia na nyama nyekundu iliyoota kwa wiki nzima. Mgonjwa anapiga kelele, damu inatoka, na kesho yake tunaanza upya. Miongozo ya kimataifa ya vidonda vya mgandamizo ya mwaka 2014 inashauri gozi iepukwe pale ambapo kuna kifungio kinachohifadhi unyevu, na inasema kwamba pasipokuwa nacho, gozi inayowekwa na unyevu wakati wote ni bora kuliko gozi kavu. Kwetu sisi sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo yenye kazi, maana zahanati nyingi zina gozi na pamba, na vingine vyote ni vya kutafuta.

Kipi ni bora kuliko vyote?

Swali hili tuliulizwa na wafadhili kwa barua, na walistahili jibu la uhakika. Mwaka 2017 kundi la watafiti la Cochrane lilikusanya majaribio 51 ya vifungio na dawa za kupaka kwa vidonda vya mgandamizo, yenye washiriki 2,947 kwa jumla. Walilinganisha sponji, haidrokoloidi, alginati, jeli, gozi za maji ya chumvi, na vingine vingi. Mwisho wa kazi yote hiyo walisema ushahidi uliopo hautoshi kuonyesha ni kipi kinachoponya zaidi kuliko vingine. Majaribio mengi yalikuwa madogo na udhaifu wake ni mkubwa.

Msielewe vibaya. Hawakusema vyote ni sawa, wala kwamba chochote kinafaa. Walisema hakuna jina ambalo mtu anaweza kulisimamia na kudai limethibitika kuwashinda wenzake. Kwa hiyo muuzaji anayekuja na karatasi zenye picha za kung'aa akisema chake ndicho kiboko, mpeni chai, msikilizeni, kisha mwulizeni bei kwa mwezi. Kinachoongoza uchaguzi ni hali ya kidonda siku ile: kina majimaji kiasi gani, kina kina gani, kina nyama iliyokufa, kinanuka, kiko wapi mwilini, na nani atakayekifunga kesho.

Kidonda cha juu juu, kisafi, chenye majimaji kidogo kinapenda kifuniko chembamba cha plastiki chenye gundi, au haidrokoloidi, ambayo ni kipande kama ngozi laini kinachogeuka jeli kikikutana na majimaji. Hivi hukaa siku kadhaa bila kuguswa. Lakini haidrokoloidi isiwekwe juu ya kidonda kilichopata maambukizi, maana ni kukifungia adui ndani. Kidonda kikavu chenye utando wa njano kinahitaji kuongezewa maji, na hapo jeli inafaa. Kidonda kinacholowanisha shuka kinahitaji kinywaji: sponji au alginati. Alginati hutengenezwa kwa mwani wa kahawia wa bahari za baridi (ndugu zetu wa Zanzibar wasifurahi haraka, mwani wanaolima wao hutoa kitu kingine kabisa), nayo hunyonya sana, kwa hiyo ukiiweka kwenye kidonda kikavu itazidi kukikausha. Kidonda chenye shimo kinajazwa kwa ulaini hadi kwenye kona zake bila kushindilia. Tunasisitiza bila kushindilia, kwa sababu shimo lililoshindiliwa gozi ni mgandamizo mwingine, umewekwa na sisi wenyewe.

Kisigino chenye gamba jeusi, kavu, gumu, lililoshika vizuri, lisilo na usaha, uvimbe wala joto pembeni, kiacheni. Msikilowanishe, msikikate. Gamba lile kwa wakati huo ndilo kifuniko chake. Ninyi nyanyueni mguu usiguse godoro, mkitazame kila siku. Likianza kulegea, kutoa maji au kunuka, hapo mwiteni muuguzi siku hiyohiyo.

Kilichopo nyumbani

Wagonjwa wetu wengi hawatafungwa kwa vitu tulivyovitaja hivi punde. Watafungwa na mke, binti au mjukuu, kwa vitu vilivyopo. Tunataka kamati zijue kazi hiyo inafanywaje, ili zinapopitisha bajeti zijue zinanunua nini.

Maji ya chumvi hutengenezwa kwa kuchemsha nusu lita ya maji na kutia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, si cha mlima. Yapoe yakiwa yamefunikwa, yatumike siku hiyo, yanayobaki yamwagwe. Kitambaa kiwe cha pamba, kanga au shuka kuukuu lililolainika, kilichofuliwa kwa sabuni, kikachemshwa, kikaanikwa juani na kupigwa pasi pande zote, kisha kikakunjwa katika chombo chenye mfuniko. Mfungaji anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla na baada. Glavu zikiwepo zitumike. Zikikosekana, mfuko safi wa plastiki wa kuvaa mkononi unasaidia.

Kifungio cha zamani kikiwa kimeng'ang'ania, kimwagiwe maji ya chumvi na kusubiriwa. Dakika tano za subira zinaokoa nyama ya wiki nzima. Kidonda kioshwe kwa kumiminia. Gozi au kitambaa kilowanishwe, kikamuliwe kisidondoshe, kikunjuliwe, kijaze shimo kwa ulaini. Juu yake kiwekwe kitambaa kikavu kinene cha kunyonya, au pedi safi. Ngozi nzima inayozunguka kidonda ipakwe Vaseline nyembamba ili isilainike kwa majimaji ikapasuka nayo. Kazi hii irudiwe kabla gozi haijakauka, ambayo kwa kawaida ni mara mbili kwa siku, na wakati wowote choo kinapoingia.

Kabla ya kufunga, mgonjwa apewe dawa yake ya maumivu mapema, nusu saa hivi, kama ameandikiwa. Wapo wanaodhani aliyepooza hasikii. Aliyevunjika uti wa mgongo huenda hasikii sehemu ile. Aliyepata kiharusi mara nyingi anasikia sana ila hawezi kusema.

Mtatuuliza kuhusu asali. Nchi yetu ina asali nzuri, ya Tabora na Singida, na watu wameitumia kwenye vidonda tangu mababu. Utamu wake mkali huvuta maji na kuwanyima wadudu nafasi ya kukua. Asali inayotumika hospitalini, hata hivyo, imesafishwa kwa mionzi, kwa sababu ya shambani inaweza kuwa na mbegu za vijidudu hatari zisizouawa na utamu huo, na ya sokoni mara nyingi imechanganywa sukari iliyochemshwa. Hatuikatazi, wala hatuihubiri. Muuguzi akiona inafaa kwa mgonjwa fulani, iwe ya chanzo kinachojulikana, na miguu ya kitanda iwekwe ndani ya makopo ya maji, maana sisimizi hawasubiri mwaliko.

Papai bichi nalo lina utomvu unaoyeyusha nyama iliyokufa. Yapo maandishi ya wauguzi na madaktari wa Gambia kuhusu watoto walioungua, na wa Jamaika kuhusu vidonda sugu, wakieleza walivyolitumia katika wodi zao. Lakini huko Marekani mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa iliagiza dawa za kupaka zenye utomvu huo ambazo hazikuwa zimeidhinishwa ziondolewe sokoni, kwa kuwa kulikuwa na taarifa za watu kupata mzio mkali. Kwa hiyo si jambo la mhudumu wa kujitolea kujaribu peke yake kijijini.

Kuhusu harufu tungeomba mtuvumilie tuseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu harufu ndiyo inayoua kabla ya kidonda. Tunamkumbuka baba mmoja aliyepooza, mtu wa watu, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya yake. Kidonda kilipoanza kunuka, wageni walianza kusalimia wakiwa mlangoni. Baadaye wakasalimia wakiwa uani. Mwisho jumuiya ikawa inasali nyumba ya jirani, naye akisikia nyimbo kupitia dirishani. Mkewe alichoma ubani mchana kutwa. Alichohitaji kilikuwa vidonge vya metronidazo, ambavyo wengi mnaviita flajili, vilivyosagwa laini na kunyunyiziwa kidondani kila anapofungwa, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza katika mwongozo wake wa huduma shufaa. Harufu ya namna hii hutoka kwa vijidudu vinavyoishi pasipo hewa ndani ya nyama iliyokufa, na dawa hiyo ndiyo inayovipata. Ni tofauti na ule unga wa rangi mbili tulioulaumu, kwa sababu hapa lengo linajulikana, na muuguzi ndiye anayeagiza na kufuatilia. Baada ya siku chache harufu ilipungua, na jumuiya ikarudi ndani. Kidonda hakikupona. Yule baba alifariki miezi kadhaa baadaye, akiwa na watu chumbani.

Tunamtaja kwa sababu wafadhili hutuuliza vidonda vingapi vimepona, na ni haki yao kuuliza. Kwa mtu ambaye mwili wake unafunga safari, kifungio kinachaguliwa kwa maumivu machache, harufu kidogo, shuka kavu na kutosumbuliwa mara kwa mara. Hapo hata sponji ya gharama inaweza kuwa chaguo sahihi, kwa sababu inampunguzia kugeuzwa na kufunguliwa mara mbili kila siku.

Zipo hali ambazo hazisubiri kikao wala kifungio. Homa, ngozi ya pembeni inayozidi kuvimba na kupata joto, usaha unaoongezeka, mfupa unaoonekana au kuguswa chini ya kidonda, damu isiyokoma, mgonjwa aliyechanganyikiwa ghafla: huyo apelekwe kituo cha afya au hospitali. Tunaomba kila kamati iwe na fedha ya usafiri iliyotengwa kwa ajili hiyo, isiguswe kwa jambo lingine.

Fedha za robo hii

Turudi kwenye maombi mawili. Tumesema muulize bei kwa mwezi. Gozi inayobadilishwa mara mbili kwa siku ni mara 60 kwa mwezi. Sponji inayokaa siku 3 hadi 5 ni vipande 6 hadi 10. Kwa hiyo sponji si lazima iwe ghali kama inavyoonekana dukani, hasa ukihesabu sabuni, kuni za kuchemshia, nauli ya mhudumu na muda wa binti aliyeacha shule kumfunga bibi yake. Wajumbe waliopendekeza sponji hawakukosea hesabu. Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama kipande kinakaa hizo siku 3. Kidonda kilicho karibu na njia ya haja kubwa, kwa mgonjwa asiyejizuia, kitang'olewa sponji siku ileile, na hapo fedha inakwisha kabla ya wiki.

Ushauri wetu ni kwamba fedha za robo hii zianzie kwenye magodoro mazito ya sponji yenye foronya ya plastiki inayofutika, kwa wagonjwa wote walio kwenye orodha wasioweza kujigeuza. Kisha sabuni, gozi, pedi, Vaseline, glavu, na vidonge vya metronidazo kupitia zahanati. Kinachobaki kinunue akiba ndogo ya vifungio vya sponji, ikae kwa muuguzi, itolewe kwa wagonjwa wachache: wenye kidonda chenye majimaji mengi mahali pasipoingia choo, ambao mtunzaji wao ni mzee au yuko peke yake, na wale wa siku za mwisho. Tungependa pia chakula kikumbukwe. Kidonda kikubwa hupoteza protini kila siku, na mgonjwa anayekula ugali na mchicha peke yake hana cha kujengea nyama. Trei ya mayai na kilo za dagaa na maharage ni sehemu ya matibabu, tuziandike katika bajeti hiyohiyo bila aibu.

Kwa marafiki wa ng'ambo, tunasema asante, na tunaomba tuandikiane kabla boksi halijafungwa. Maboksi tuliyowahi kupokea yalikuwa na vipande vitatu vya aina hii na vinne vya aina ile, maelezo kwa lugha ambazo muuguzi wetu hasomi, na tarehe ya mwisho imebaki wiki chache. Mgonjwa anazoea kifungio kimoja, kinaanza kumsaidia, kinakwisha, hakipatikani tena hata kwa fedha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa, toleo la mwaka 2010, inataka dawa zinapofika ziwe zimebakiza angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda, nasi tunaomba kipimo hichohicho kitumike kwa vifungio. Aina mbili tu, sponji yenye ukingo wa silikoni isiyong'ang'ania na jeli ya kulainisha, kwa wingi unaotosha miezi sita, zinatusaidia kuliko aina ishirini. Na kama usafirishaji ni ghali kuliko mzigo, fedha ya godoro linalonunuliwa hapahapa inafika haraka zaidi.

Jambo la mwisho ni la kumbukumbu. Kila mhudumu atapewa daftari na kipande cha rula cha karatasi. Mara moja kwa wiki apime urefu na upana wa kidonda, aandike majimaji, harufu na maumivu, na aandike ni kifungio gani kilitumika. Kama baada ya wiki 2 hakuna dalili yoyote ya nafuu, asibadilishe kifungio kwa kubahatisha. Aanze kwa kuuliza kama mgonjwa anageuzwa, anakula nini, na kama kuna maambukizi, kisha amwite muuguzi. Madaftari hayo ndiyo tutakayoyaleta hapa robo ijayo, yakiwa na majina yamefichwa, ili kamati na wafadhili waone wenyewe fedha ilikokwenda.

Orodha ya wagonjwa wanaohitaji magodoro tunaiomba kutoka kila parokia kabla ya kikao kufungwa jioni ya leo. Sasa tuko tayari kupokea maswali.